Trela la boti tani 2.6, breki za dramu zimeoza: nizifufue, niweke diski, au nifunge za pampu ya umeme kabisa?

Nahodha_Tanga (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Naomba mawazo yenu, hasa nyinyi mnaovuta mizigo milimani. Msipite kimya.

Nina boti ya faiba ya futi 23, mashine moja ya Yamaha ya farasi 150. Inakaa juu ya trela la ekseli mbili lililoletwa kutoka Marekani likiwa limetumika. Miaka 6 kazi ya trela hili ilikuwa kuitoa boti yadi mpaka ufukweni na kuirudisha, kilomita 9 za tambarare. Siku nikiifikisha Muheza hiyo ilikuwa safari kubwa.

Sasa nimepata kazi ya miezi 3 Ziwa Nyasa, kubeba watu na mizigo kati ya Matema na vile vijiji vya chini ya milima ya Livingstone ambavyo vingi huwezi kuvifikia kwa gari. Kwa hiyo boti itoke Tanga, Segera, Chalinze, Morogoro, Mikumi, ipande mlima Kitonga, ipite Iringa na Makambako, halafu kutoka Uyole ishuke Tukuyu hadi Kyela. Ni zaidi ya kilomita 1,000, na miezi 3 ikiisha nirudi nayo.

Nimeipitisha kwenye mizani. Trela, boti, mashine, nanga, na tangi la lita 200 likiwa limejaa: kilo 2,640. Gari ni Land Cruiser 79 pikapu. Kitabu chake kinasema linavuta kilo 3,500 trela likiwa na breki, na kilo 750 tu kama trela halina. Nimekaa na hizo namba mbili usiku mzima.

Kilichonifanya nifungue uzi ni hiki. Wiki tatu zilizopita natoka Muheza kurudi mjini, niko kwenye 70, karibu na Pongwe ndama akakatiza barabara. Nikakanyaga breki, gari likaitika, mara nikapigwa kishindo mgongoni, kikafuatia msukumo mzito usioisha, kama mtu mwenye nguvu ameweka bega nyuma ya gari na hataki kuliondoa. Trela likaanza kuvuta kulia. Ndama alipita, Mungu mkubwa, lakini niliposimama nilikuwa nimeshapita pale alipokuwa kwa urefu wa gari zima.

Jioni ile nikapiga jeki. Breki zipo ekseli ya mbele tu, za dramu, zile za kusukuma: gari likipunguza mwendo trela linajisukuma mbele, kichwa chake kinabana masta silinda, mafuta yanakwenda kwenye magurudumu. Dramu ya kushoto tuliigonga robo saa ndipo ikatoka. Laini ya kiatu ikabaki mkononi mwangu, imebanduka nzima kutoka kwenye chuma chake, na katikati kulikuwa na tabaka la kutu linapukutika kama gome la mti. Chini ya dramu kulikuwa na mchanga wa ufukweni wa kujaza kikombe cha kahawa. Upande wa kulia viatu vilikuwa vimenata, gurudumu halizunguki bila kulilazimisha. Mafuta kwenye masta silinda yana rangi ya chai ya rangi.

Nimepewa njia tatu:

Kufufua dramu zilezile, viatu vipya na silinda mpya za magurudumu: kama laki 6.

Diski kwenye ekseli ya mbele pamoja na kichwa kipya cha kusukuma: milioni 2.4.

Diski ekseli zote mbili na pampu ya umeme ya kusukuma mafuta, na kidhibiti ndani ya gari: milioni 5.9 mpaka kufika Tanga.

Mimi nimeegemea njia ya pili. Niambieni nakosea wapi.

Kunduchi_Kwetu

Mkuu mbona unajitesa? Trela langu halina breki mwaka wa nane huu. Fundi alizing'oa zote zilipoanza kunata, na sijawahi kupata tatizo. Cruiser linavuta tu. Hela hiyo weka kwenye mashine.

Nahodha_Tanga

Boti yako ina uzito gani mkuu, na unaivuta wapi?

Kunduchi_Kwetu

Futi 16, mashine ya Enduro 40. Kunduchi mpaka Mbweni.

Nahodha_Tanga

Basi safari zetu ni tofauti kaka. Yako mimi pia ningeweza kuivuta bila breki pale. Ya kwangu Cruiser litaivuta, hilo silipingi. Swali langu ni kuisimamisha.

Fundi_Barabara_ya_12

Mkuu Nahodha, kabla hujatoa hata shilingi, naomba uangalie mambo haya, maana nimeona watu wakibadilisha breki nzima kumbe tatizo lilikuwa marekebisho.

Kwanza, viatu vya dramu za trela havijirekebishi vyenyewe kwenye nyingi za zamani. Kuna kinyota kidogo ndani, unakizungusha kwa bisibisi kupitia tundu la nyuma mpaka kiatu kiguse dramu, halafu unakirudisha kidogo. Kama hukufanya hivyo miaka 6, kichwa cha kusukuma kinamaliza safari yake yote kabla viatu havijagusa. Kile kishindo ulichokisikia mgongoni kinafanana sana na hicho: kichwa kimeingia mpaka mwisho, chuma kikagonga chuma. Kichwa kikiingia zaidi ya inchi moja hivi, ujue kuna nafasi kubwa kule kwenye magurudumu, au kuna upepo kwenye paipu.

Pili, ukienda kwenye diski usifikirie utabakiza kichwa ulichonacho. Kichwa cha dramu kina vali ndogo inayobakiza presha kidogo kwenye paipu ili viatu vikae karibu. Ukiiacha vali hiyo na diski, pedi zitakuwa zinasugua muda wote na utapika beringi. Tena diski zinataka presha kubwa kuliko dramu. Ndiyo maana pampu za umeme zinauzwa za aina mbili, ya psi 1,000 kwa dramu na ya psi 1,600 kwa diski. Usiuziwe ile ndogo.

Tatu, kurudi nyuma. Dramu nyingi za trela za boti zimetengenezwa zijiachie ukirudi rivasi. Diski hazina huruma hiyo. Ukirudisha trela kupanda ufukwe, kichwa kinabanwa, diski zinakamata, gari linachimba mchanga. Kwa hiyo diski za kusukuma lazima ziwe na solenoidi inayofunga mafuta, na waya wake uende kwenye taa ya rivasi ya gari. Waya huo ukioza siku moja maji yanapokupwa, utakaa hapo na boti yako mpaka maji yajae tena.

Swali: ekseli ya nyuma ina sahani ya kufungia breki, ile yenye matundu manne? Na rimu zako ni inchi ngapi?

Nahodha_Tanga

Ahsante sana fundi. Sahani ipo ekseli zote mbili, nimetoka kuangalia sasa hivi na tochi. Rimu ni 13.

Fundi_Barabara_ya_12

Sahani ipo, vizuri, hutachomelea kitu. Rimu 13 ndiyo shida, mara nyingi kalipa (kile chuma kinachoshika pedi na kuzibana kwenye diski) haipati nafasi. Jiandae kwa 14 na tairi zake. Iweke kwenye hesabu.

Dada_wa_Kilifi

Kaka Nahodha, pole kwa hiyo ya Pongwe. Mimi nina boti mbili za uvuvi wa wageni huku Kilifi, na kila kusi ikianza tunazipandisha, kwa hivyo breki za trela zinanijua na mimi nazijua.

Kufufua dramu kwa maji ya chumvi, usijidanganye. Dramu ni sufuria iliyofunikwa. Inaingia maji na mchanga, haitoi, na huwezi kuona ndani. Mimi nilikuwa nabadilisha viatu kila mwaka na laini zilikuwa zikibanduka vilevile unavyosema, hazijaisha, zimesukumwa na kutu kutoka nyuma. Diski iko wazi: ukitoka majini unapiga maji ya bomba yasiyo na chumvi dakika tano kila gurudumu na unaona kwa macho yako kama pedi imenata. Lakini chukua kalipa za stenlesi au zilizopakwa dawa ya kuzuia kutu. Kalipa za chuma cha kawaida nilizoweka mara ya kwanza hazikumaliza misimu miwili, pini zake ziligandiana.

Na kuna kitu ambacho hakuna aliyekitaja. Umeshuka mlima, breki zimepasha moto habu (kile kitovu cha gurudumu kinachokaa beringi), unafika ziwani una hamu ya kuona boti inaelea, unaitumbukiza hapohapo. Hewa iliyo ndani ya habu inapoa ghafla, inanywea, inavuta maji kupitia sili. Grisi inakuwa kama maziwa. Beringi inakufa wiki mbili baadaye na wewe utalaumu grisi. Weka mkono kwenye habu kwanza. Kama huwezi kuuacha hapo, kaa unywe chai.

Nimeshusha boti moja Mai Mahiu kwenda Naivasha, ile barabara ya lile kanisa dogo la Waitaliano. Breki za kusukuma, diski ekseli moja, boti nyepesi kuliko yako. Chini nilisimama kwa sababu ya harufu. Pedi zilikuwa zinatoa moshi na mimi nilikuwa nashuka kwa gia, mguu wangu haukuwa kwenye breki. Mpaka leo sijaelewa ilikuwaje.

Mzee_wa_Semi

Binti yangu wa Kilifi, mimi nitakwambia ilikuwaje, na hili ndilo Nahodha alitakiwa aulize tangu mwanzo.

Nimeendesha semi miaka 27, Dar hadi Tunduma. Kushuka mlima tunajua wote: gia nzito, mwendo mdogo, breki unaikanyaga na kuiachia, huipakati. Injini ndiyo inayolishika lori. Kwa gari moja hiyo ni kweli tupu.

Sasa fikirini breki ya kusukuma. Inafanya kazi kwa sababu trela linasukuma kichwa. Haijui kama umekanyaga pedali. Haijui kama una gia ya pili. Inajua kitu kimoja tu: nasukumwa au sisukumwi. Ukishuka Kitonga kwa gia nzito, gari linashikwa na injini, trela la tani mbili na nusu linaegemea gari kutoka juu mpaka chini bila kupumzika. Kichwa kimebanwa muda wote huo. Yaani breki za trela zimefungwa kuanzia kilele hadi bondeni, nawe umekaa kwenye kiti unajisifu hujagusa breki. Pedi za binti yangu ziliungulia hapo.

Ile hekima inayookoa breki za gari ndiyo inayounguza breki za trela. Diski itastahimili joto kuliko dramu, kweli, maana inapigwa upepo. Lakini hujaondoa sababu. Unataka trela unaloweza kulifunga na kulifungua wewe mwenyewe, kwa muda unaotaka wewe. Kwenye semi tuna breki za upepo. Kwako ni hiyo pampu ya umeme.

Na usiihesabu Kitonga kwenye kwenda, kijana wangu. Ukitokea Morogoro Kitonga unaipanda. Ni kurudi ndiyo utaishuka, umechoka, unawaza nyumbani.

Nahodha_Tanga

Mzee wangu shikamoo. Nimesoma hii mara tatu. Sikuwahi kuliwaza hata siku moja. Nilikuwa najipanga kushuka Tukuyu kwa gia ya pili nikiamini hiyo ndiyo tahadhari yenyewe.

Mwl_Fizikia_Moro

Niongezee namba kwenye maneno ya Mzee, maana namba zinatisha vizuri.

Tukuyu iko kwenye mita 1,600 hivi, ziwa liko chini ya 500. Tuseme unashuka mita 1,000. Kilo 2,640 mara 9.81 mara 1,000 ni kama jouli milioni 26. Joto hilo linatosha kuchukua ndoo 4 za lita 20 za maji ya bomba na kuzichemsha zote. Hiyo ni ya trela peke yake, gari sijaligusa. Sehemu yake inaliwa na upepo na tairi, na injini ikishika inakula nyingine. Kinachobaki kinakwenda kwenye vyuma vya breki, na kwako sasa ni vyuma viwili kati ya magurudumu manne. Ukifunga ekseli zote mbili, kila gurudumu linabeba nusu ya lile lililokuwa linabebwa. Kwa maoni yangu hiyo inazidi hata suala la diski au dramu.

Na hayo mafuta ya rangi ya chai. Mafuta ya breki ya DOT 3 yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 205. Yakishanyonya unyevu, kiwango kinashuka mpaka 140. DOT 4 ni 230 na 155. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanika. Kichwa kitaingia mpaka mwisho na hakuna kitakachofika kwenye pedi. Trela la boti linaishi majini, kwa hiyo badilisha mafuta kila mwaka hata kama kila kitu kingine ni kizima.

Mswahili_wa_Maskati

Salaam aleikum ndugu zangu. Nipo Maskati, navuta boti kwenda Sur kila majira, na mfumo wa pampu ya umeme ninao mwaka wa tano. Nitasema mazuri na mabaya.

Zuri: ndani ya gari una kidhibiti kidogo chenye kitufe cha kusogeza kwa kidole. Trela likianza kucheza mkia, unagusa breki za trela peke yake, gari huligusi, na linanyooka nyuma yako kama kamba iliyovutwa. Hilo breki ya kusukuma haiwezi, maana yenyewe inasubiri gari lipunguze mwendo kwanza. Pia rivasi hakuna shida wala solenoidi, pampu haisukumi mpaka uiambie.

Baya: umeme na bahari havipendani. Pampu yenyewe ifungwe mbele kabisa na juu, isizame. Waya upitishe ndani ya bomba, viungo vyote ulehemu na ufunge kwa ile mipira inayobana ikipigwa moto. Usikubali mtu akuuzie breki za sumaku za trela za mizigo kwa sababu ni rahisi. Zile zina sumaku na waya ndani ya dramu, chumvi inazimaliza upesi.

Angalia mambo mawili kabla ya kulipa. Siyo kila kidhibiti kinaelewana na pampu ya mafuta, vingine vimetengenezwa kwa sumaku tu, mwambie muuzaji kwa maneno. Na gari lako: baadhi ya Land Cruiser za dizeli zilizotoka Japani zina umeme wa volti 24. Pampu ni ya 12.

Trela liwe na betri yake ndogo na ile kamba ya kuchomoka: trela likikatika kwenye gari, kamba inavuta pini, pampu inafunga breki yenyewe. Betri hiyo ikiwa imekufa, kamba ni pambo tu. Mimi naijaribu kila safari, navuta pini nikiwa nimesimama, nasikia pampu inalia, narudisha.

Mdau_Perth

Kwa anayetaka kulinganisha: huku Australia trela likizidi tani 2 sheria inataka breki kwenye kila gurudumu, na za kusukuma haziruhusiwi tena, lazima dereva aweze kuzifunga akiwa ndani ya gari. Ulaya wao wanaruhusu za kusukuma mpaka kilo 3,500. Kwa hiyo hata wataalamu hawajakubaliana. Kwa milima hiyo mliyoitaja mimi ningefuata huku.

Nyongeza ndogo. Trela la Marekani huwa linataka tufe (ile mpira ya chuma nyuma ya gari ambayo kichwa cha trela kinakaa juu yake) la inchi 2, ambalo ni milimita 50.8, na tufe nyingi za kwetu ni 50 kamili. Ukiliangalia kwa macho linaingia sawa. Pima.

Nahodha_Tanga

Mdau, nimepima. Ni 50. Miaka 6.

Kunduchi_Kwetu

Nimesoma uzi wote kimya. Na langu ni 50. Kesho naenda kununua.

Nahodha_Tanga: MREJESHO WA KWANZA

Wakuu, nimeamua. Diski ekseli zote mbili, pampu ya umeme ya psi 1,600, kidhibiti kwenye gari. Gari langu ni volti 12, nimethibitisha kwenye betri.

Nitasema wazi hesabu ilivyokwenda, maana kuna watakaosoma wakiwa na mfuko kama wangu. Nilikuwa nimeweka akiba ya kitafuta samaki kipya chenye ramani. Nimekiacha. Bado ilipungua milioni 1.2, mwenye kazi ya Matema nikamweleza akanitangulizia sehemu ya malipo. Kama kazi yangu ingebaki kilomita 9 za tambarare, ningefunga diski ekseli moja na kichwa cha kusukuma, ningelala usingizi. Na kama pesa ya pampu isingepatikana, ningeikataa safari ya Matema. Nilishamwambia mke wangu hivyo.

Kufunga tumechukua siku nne. Kama fundi alivyosema, rimu 13 hazikukubali: kalipa iligusa kwa ndani kiasi cha unene wa kucha. Nimenunua 14 na tairi zenye uwezo wa kubeba. Paipu za zamani za chuma tumezitupa zote, zilikuwa zinavunjika kwa mkono. Kutoa upepo ndiko kulikotuchosha. Unaanza na gurudumu la mbali kabisa na pampu, unafungua, unasubiri mafuta yatoke bila mapovu, unafunga, unakwenda linalofuata. Mara mbili tulidhani tumemaliza.

Jaribio la kwanza barabara ya Pangani, mwendo wa 40. Nilisogeza kitufe kwa kidole bila kugusa pedali, na trela likalivuta gari nyuma taratibu mpaka likasimama. Nilikaa pale pembeni ya mkonge dakika nzima bila kusema kitu. Kijana wangu aliniuliza kama kuna kilichoharibika.

Fundi_Barabara_ya_12

Hongera mkuu. Baada ya kilomita 50 kaza nati za magurudumu upya, rimu mpya huwa zinakaa. Na ukiwa njiani usiamini macho, pima joto la kila gurudumu. Yote manne yakaribiane. Moja likiwa baridi halifanyi kazi, moja likiwa moto kuliko wenzake limenata.

Mzee_wa_Semi

Kidhibiti kisikufanye uwe na haraka. Gia nzito palepale, uanze mteremko ukiwa polepole tayari, usisubiri uchanganye mwendo ndipo uutafute upole. Breki ya trela unaikamata kwa hesabu ya tano, unaiachia kwa hesabu ya kumi na tano ipumue.

Nahodha_Tanga: MREJESHO WA PILI, nipo Matema

Tumefika salama jana jioni, siku tatu njiani.

Matuta ya Mikumi ndiyo yalinionyesha tofauti mapema. Zamani kila tuta trela lilikuwa linanigonga mara mbili, likiingia na likitoka. Safari hii nilikuwa nagusa kitufe kidogo kabla ya tuta, trela limenyooka nyuma yangu, hakuna kishindo.

Makambako nikasimama kupima kwa kile kipimajoto cha kuelekeza. Magurudumu matatu yalikuwa kati ya 61 na 66, la nyuma kulia 34. Fundi, maneno yako yalinijia masikioni. Kulikuwa na upepo umebaki kwenye kalipa hiyo. Tukautoa palepale kituo cha mafuta na kijana wangu, chupa ya soda na mpira wa maji, nusu saa. Laiti nisingepima, ningeshuka Tukuyu na breki tatu bila kujua.

Kutoka Tukuyu nilianza saa 4 asubuhi, barabara imekauka, mashamba ya chai na migomba pande zote mbili. Gia ya pili, hesabu ya tano, hesabu ya kumi na tano. Nilikuwa nahesabu kwa sauti, kijana akawa ananisaidia. Nilisimama mara mbili nikapima: mara ya kwanza kubwa zaidi ilikuwa 118, mara ya pili 131. Hakuna harufu, hakuna moshi, pedali ya gari ngumu vilevile kama tulivyotoka Tanga.

Matema tulifika watu wengi wakaja, wengine wameshaanza kushika kamba ili waishushe. Nikawaomba tusubiri. Dada yangu wa Kilifi, tulikunywa chai. Nilipoweka kiganja kwenye habu na nikaweza kukiacha, ndipo tukarudisha trela majini.

Dada_wa_Kilifi

Alhamdulillahi. Kaka, maji ya ziwa hayana chumvi, tumia hiyo miezi 3 kuzisafisha hizo kalipa chumvi yote ya Tanga itoke.

Kijana_wa_Kyela

Karibu nyumbani nahodha. Ukianza kurudi niambie, nina mjomba Ilula pale juu ya Kitonga, mnaweza kulala kwake trela likapoa vizuri, mkaanza kushuka asubuhi mapema.

Nahodha_Tanga

Ahsante sana mdogo wangu, nakuja sanduku la ujumbe kuchukua maelekezo. Mzee wa Semi, Kitonga saa ngapi ni nzuri kushuka?

Mzee_wa_Semi

Saa 12 na nusu, kukishapambazuka. Malori yaliyolala juu yanaanza kushuka kuanzia saa 1, hutaki kuwa katikati yao. Na kabla hujaondoka Ilula, vuta ile pini usikie pampu inalia.